Peremende ya Mwalimu Redio

"Nipeni muhula mmoja tu," mwalimu alitamba mbele ya mkutano wa wazazi, mkono kiunoni, "huyu binti atauliza maswali mpaka baba yake aombe poo!"

Wazazi wakapiga makofi. Baba mwenyewe, fundi baiskeli asiyependa maneno mengi, hakupiga. Binti yake wa miaka saba ana usonji. Majina ya vitu anayajua, hadi spoki na mnyororo, ila kuuliza hajui. Baba akitoweka machoni pake, hasemi kitu. Anatoka mbio kumtafuta, moja kwa moja barabarani. Mara ya mwisho lori lilifunga breki hadi matairi yakanuka.

Kazi ikaanza. Mwalimu anaficha kitu ndani ya kopo, analitikisa, kisha anatakiwa anyamaze mpaka mtoto aulize. Hapo pa kunyamaza ndipo palipomshinda. Jina la Mwalimu Redio hawakumpa kwa kumwonea. Hata akipiga mswaki anasimulia. Anatikisa kopo, anameza mate, halafu: "Kuna nini humu? Kuna kifungo, mwanangu! Kizuri, siyo?" Binti anatazama dirishani. Aulize ya nini, na majibu yanamwagika bure?

Muhula ukawa unayoyoma.

"Mwalimu, samahani lakini," fundi akasema mlangoni. "Hebu zima redio kidogo."

"Fundi, betri zangu hazitoki!"

Alicheka, lakini lilimwingia. Kesho yake akajitia peremende mdomoni, ile kubwa ya kumumunya, akatikisa kopo. Kimya. Shavu limetuna kama la mgonjwa wa jino. Binti akaachana na kopo, akamsogelea, akaligusa shavu kwa kidole.

"Nini hiyo?"

Mwalimu nusura aimeze. Akaitema kiganjani, akamwonyesha. "Peremende!" Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaishia hapo.

Kutoka "nini" wakahamia "wapi", shavu likiendelea kutuna. Alasiri moja fundi alikwenda nyuma ya karakana kuchukua pampu. Akasikia sauti ikimuuliza mteja: "Baba wapi?"

"Yuko nyuma huko, mama."

Vishindo vya miguu midogo vikaja nyuma. Siyo barabarani. Fundi akachuchumaa, akamkumbatia pamoja na pampu.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa mwalimu na pakiti nzima ya peremende mkononi.

"Asante, Mwalimu. Sasa anauliza mpaka usingizini. Nimekuja kusema poo."

Redio, shavu limejaa, akaitikia kwa kichwa tu, macho yamelowa.

Dukani peremende moja ni shilingi hamsini tu.