Elick Aliikubali Mimba Ambayo Haikuwepo

Mwaka juzi kijana mmoja alisimama mbele ya ukoo wetu akasema mimba yangu ni yake.

Sikuwa na mimba.

Na huyo kijana, ndugu zangu, hatukuwahi kushikana hata mkono.

Naitwa Deodatha, wa Nyakatuntu, huku Kyerwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasaidia kibanjani, kwenye migomba yetu. Tumbo likaanza kujaa. Sketi zikagoma kufunga. Chakula nacho, vipande viwili vya ndizi nimeshiba.

Shangazi akaja kututembelea. Akaniona napita na ndoo kichwani. Akamwambia mama, "Huyu ana miezi mitano."

Kesi ikaishia hapo.

Nililia. Nikaapa kwa Biblia. Tata, yaani baba yangu, mzee Rwegoshora, akanijibu taratibu, "Biblia sitaki. Nataka jina."

Jina sina.

Shangazi ndiye aliyekumbuka kwamba aliwahi kuniona nimepakiwa na Elick wa bodaboda kutoka mnadani. Kweli nilipakiwa. Kati yetu kulikuwa na mkungu wa ndizi na jogoo, na yule jogoo alikuwa na hasira njia nzima.

Elick akaitwa Jumapili baada ya ibada. Mimi moyo ukatulia. Nikasema atakataa, yataisha.

Tata akamuuliza, "Kijana, huyu unamjua?"

"Namjua, mzee."

"Na mimba yake unaijua?"

Elick akanitazama. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Ni yangu. Naikubali."

Nikasimama.

"Wewe Elick! Lini?"

Shangazi akanikata jicho. "Funga mdomo, watu wazima wanaongea."

Ikaamuliwa nianze kliniki, na kwa kuwa siku hizi kliniki wanataka uje na mwenza, Elick aje. Akaja. Alitupakia mimi na mama mishikaki hadi zahanati. Tata akatufuata na baiskeli, amevaa koti la kanisani.

Tukamkuta nesi anaitwa Nadhira, binti wa wenye maduka kule Kayanga. Mdogo wa umbo, sauti ya chini. Tata akamwangalia, akaninong'oneza, "Huyu si mtoto huyu?"

"Shikamoo baba, shikamoo mama," nesi akasalimia. "Mgonjwa ni nani?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa," Tata akasema. "Kuna mimba."

"Haya. Mwenye mimba ni nani?"

Tata akaninyooshea kidole kama mtu anayeonyesha mwizi.

Nesi akawaomba wote watoke. Mama akabisha, "Mimi ni mama yake." Nesi akasema, "Ndiyo maana nakuomba, mama. Dakika chache tu." Mama akatoka.

Mlango ulipofungwa akaanza kuniuliza. Nakula vipi. Choo napata? Mkojo je? Nikilala chali napumua vizuri? Maumivu yanaanzia wapi? Nilijibu hadi nikaona raha, maana tangu tumbo lijae, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu bila kuwa na jibu lake tayari.

"Hedhi yako ya mwisho lini?"

"Wiki iliyopita."

Akainua kichwa. "Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeuliza."

Akanipandisha kitandani. Akabonyeza tumbo pole pole, akagonga kwa vidole, akanisikiliza na kile kibomba wanachosikilizia moyo wa mtoto. Akapima na mkojo. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mdogo wangu, hapa hakuna mtoto. Kuna uvimbe, nadhani ni wa kizazi, na ni mkubwa. Unatakiwa hospitali leo. Si kesho."

Nikacheka kwa furaha. Kisha nikaelewa alichosema, nikaacha kucheka.

Akamwita mama amweleze. Mama akaingia ameshika ukuta, akakaa kabla ya kukaribishwa. Nesi akamtazama, maelezo yakakatika njiani.

"Mama, miguu imevimba tangu lini?"

"Aa, hii ni kazi ya kibanja tu."

Nesi akainama, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Akamvuta kope la chini, ndani peupe. Akampima presha. Akapima tena. Sikupenda ile mara ya pili.

"Kichwa kinauma?"

"Kila siku."

"Hedhi?"

"Iliisha, nesi. Nina arobaini na nne sasa."

"Tumboni unasikia nini?"

"Gesi. Inatembea mno."

"Panda kitandani, mama."

Akaweka kibomba. Akahamisha. Akatulia. Halafu akaniita nije nisikilize mwenyewe. Nikaweka sikio. Tu-tu-tu-tu, mbio mbio, kama mtu anayetwanga kwa haraka.

"Mama," nesi akasema, "gesi haina moyo."

"Mawe!" mama akasema kwa kilugha chetu, yaani mama yangu, akajifunika uso na kitenge.

Tata akachoka kusubiri, akafungua mlango. "Nesi, mimba ipo au haipo?"

"Ipo."

Tata akamgeukia Elick nyuma yake. "Si nilisema!"

"Ni ya mama," nesi akasema. "Mhusika ni wewe, mzee."

Tata akavua kofia. Akaivaa tena.

Elick akauliza, "Kwa hiyo Deodatha hana?"

"Hana."

Pale ndani Elick peke yake ndiye aliyeonekana kusikitika.

Gari la wagonjwa likatubeba wawili, mama na binti, rufaa mbili. Njiani mama alinishika mkono. Hospitali nilifanyiwa upasuaji. Daktari akasema uvimbe ungejisokota tukiwa bado tunajadili mahari, ningeweza kufa. Mama alilazwa kwa presha hadi mtoto alipotolewa kabla ya wakati, kadogo kama kichane cha ndizi mbivu. Kakapona. Mama naye akapona.

Tata alikuwa akija wodini anakaa kati ya vitanda viwili, hajui aanzie wapi kuomba radhi. Siku moja akanimenyea chungwa. Sijawahi kumwona Tata akimmenyea mtu chungwa.

Shangazi yeye akasema, "Mimba niliiona. Nilikosea mtu tu."

Elick naye akaja kunitazama. Nikamuuliza kwa nini alidanganya. Mimi nilishaamini kwamba alitaka kunioa kwa mteremko.

"Nilijua si yangu," akasema. "Nilidhani ni ya mtu aliyekimbia. Nikamwangalia mzee, nikaona nikikataa, usiku huo utalala wapi? Nikasema nikubali kwanza, mengine tutaongea."

Nililia hadi kidonda kikauma.

Mtaniuliza kama tulioana. Hapana. Ameoa mwalimu wa Kihanga, na harusini chakula nilisimamia mimi.

Ninachowaomba ni hiki. Mwili wa mtu wako ukibadilika, usianze kutafuta aliyefanya. Mpeleke akapimwe, toka nje, mwache aongee na nesi.

Na wewe uliyemsindikiza, pima presha hapo hapo. Hujui umebeba nini.