Baki la Bibi

Mwalimu mkuu hakupiga kelele. Alifunga daftari la maksi, akaniambia, "Ijumaa nitawapima mwenyewe. Nusu ya darasa wasipofaulu, Hisabati ya Darasa la Tano nampa mwingine. Wewe utafundisha michezo."

Michezo! Mimi, niliyetoka Masasi na begi zima la vitabu vya hesabu, nikapanda mlima mpaka kijiji cha Makote nikiapa kwamba mtoto wa kunishinda hajazaliwa. Nilitoka ofisini kwa hasira.

Somo lenyewe lilikuwa kugeuza sehemu kuwa desimali. Robo tatu: gawa tatu kwa nne. Haiingii, andika sifuri, weka nukta, tatu iongezewe sifuri iwe thelathini. Thelathini kwa nne ni saba, baki mbili. Mpaka hapo darasa zima lilikuwa nami. Halafu wanaweka kalamu chini. 0.7, baki 2. Kila daftari, siku baada ya siku, utadhani wamekula yamini.

"Hilo baki mnamwachia nani?" nilifoka Jumatatu, nikapiga meza mpaka chaki ikadondoka.

Msichana mmoja wa benchi la mbele, asiyependa kuongea, alisimama. "La bibi, mwalimu."

Nikaona ananifanyia mzaha. Nikamtoa nje, akasimama juani hadi kengele ilipolia. Najuta mpaka leo.

Jioni nilikwenda kuchota maji kwa bibi jirani, mwenye kisima cha maji ya mvua. Huku juu, kiangazi kikikaza, maji hayana utani. Tulikuwa wanawake wanne, na bibi alituruhusu ndoo tatu tu. Ndoo moja ni majagi kumi. Mwenzetu mmoja akapima, saba kwako, saba kwako, mpaka wote tukapata saba. Yakabaki majagi mawili. Nikanyoosha mkono niyagawe, wakaguna wote kwa pamoja.

"Weee mwalimu! Hilo baki la bibi. Baki haligawanywi, ni la mwenye kisima."

Nilikaa chini palepale. Mungu wangu, na mtoto wa watu nimemwanika juani! Alinijibu kama alivyolelewa, na darasa zima lilijua hivyo isipokuwa mimi, mtu wa maji ya bomba.

Bibi alikuwa kibarazani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hilo baki likigawanywa je?"

"Mimi ninywe umande?" Akacheka, mapengo yote nje. Nikamweleza yote: Ijumaa, michezo, yule msichana. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanipa jagi lake na kikombe kidogo cha bati. "Kawaambie bibi karuhusu. Ila kwa hesabu za shule tu. Hapa kwangu mtu asiniguse!"

Jumanne watoto walikuja na vidumu vya maji ya kumwagilia miti ya shule, kama kawaida yao. Tukajaza ndoo tatu mbele ya darasa. Kwanza nilimwomba msamaha yule msichana, wenzake wote wakisikia. Kisha nikampa jagi apime yeye.

Vikundi vinne, ndoo tatu. Ndoo nzima hakuna anayepata: sifuri, nukta. Majagi thelathini: saba saba. Yalipobaki mawili, msichana akasita, akanitazama.

"Bibi karuhusu," nilisema, nikainua kikombe. Jagi moja lilitoa vikombe kumi, mawili yakatoa ishirini. "Ishirini kwa nne?"

"Tano!" Darasa likalipuka. 0.75, na ndoo zote tatu tupu.

Tukarudia ubaoni kwa robo, kwa moja ya nane, kwa mbili ya tano. Jumatano tena. Alhamisi tena, mpaka sauti ikanikauka. Sikuwa tayari kufundisha michezo.

Ijumaa mwalimu mkuu, mzaliwa wa hukuhuku, aliandika maswali matano. La mwisho lilikuwa theluthi. Kumi kwa tatu ni tatu, inabaki moja, ukiigawa tena inabaki moja, milele na milele, na hilo sikuwa nimewafundisha.

Alisahihisha ofisini huku nimesimama mlangoni. Tiki zikafuatana, nikawa nazihesabu kimoyomoyo. Waliofaulu wakavuka nusu ya darasa, nikashusha pumzi. Kisha akafika kwenye karatasi ya yule msichana, akaisoma mara mbili, akanigeuzia nione.

Baada ya nukta, tatu zilikuwa zimejaza ukurasa, zikahamia nyuma, zikashuka mpaka ukingoni. Baki 1. Chini yake, kwa mwandiko mdogo uliobanana: "Mwalimu, hili haliishi. Nimemwachia bibi."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akafuta macho. "Hata sisi utotoni tulikuwa hatuligusi," alisema. Akaweka tiki kubwa pembeni ya maneno yale, akanisukumia boksi la chaki.