Mama wa Kiti cha Kati na Wagonjwa Wake Wawili

Ijumaa asubuhi nilitoka Masii bila mpango, kama nilivyokwisha kutoka mahali pengi. Nilikuwa nimekaa hapo siku kadhaa nikitazama soko, wanawake wakipima mbaazi na wanaume wakibishana juu ya mbuzi, kisha nikaamka nikahisi miguu inaniwasha. Nilikaa kwenye kibanda cha chai cha mwisho mjini, nikiwa sijaamua nifuate barabara ya kulia au ya kushoto, ndipo simu ikalia. Sauti ilikuwa ya mwanamke nisiyemjua. "Mimi ni binti ya mama wa Mitaboni," alisema. "Mama ametuacha. Tunamzika kesho. Alikuwa amesema wewe upigiwe." Chai ilipoa mbele yangu. Nilimwazia yule mama tuliyekutana ndani ya ndege, nikasimama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijua ninakokwenda.

Wasomaji wa safu hii mnanijua. Shule niliiacha nikiwa bado navaa kaptula, na tangu hapo najisomea kwa kuuliza. Nawauliza makanika, wachinjaji, makarani wa mahakama, hata watu wasiotaka kuulizwa. Kwa hiyo siku niliyopanda ndege kubwa kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, nikienda Ghuba kubeba mizigo ghalani kwa mkataba, sikuweza kutulia. Ilikuwa ile aina pana, yenye njia mbili za kupita na viti vilivyopangwa kwa mafungu: vitatu upande wa dirisha, vinne katikati, vitatu upande wa dirisha la pili. Ilijaa pomoni. Vijana wengi tulikuwa wa mkataba, kila mmoja na bahasha yake kifuani. Nilimsimamisha mhudumu nikamuuliza mbona tumebanana hivi na ndege ni kubwa kama ukumbi wa harusi. Alikuwa mtu mcheshi. Aliniambia kwamba zamani ndege ya upana ule ilikuwa na viti tisa kwa mstari, na siku hizi kampuni nyingi zinatia kumi. "Na ndege imepanuliwa?" nikauliza. "Haijapanuliwa." "Sasa hicho kiti cha kumi kimetoka wapi?" Akacheka, akasema, "Kimetoka kwenye mabega yenu."

Mimi nilikaa katika lile fungu la vinne, kiti cha tatu. Upande wangu mmoja, kwenye njia, alikuwa msichana aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. Upande wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo ya juu, amevaa sweta la kijani na leso, miguuni amebana kiondo kilichojaa muthokoi mkavu, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo kwetu hayakosi jikoni. Naye kwenye kiti cha njia aliyepakana naye ni bwana mmoja mnene, mwenye kofia ya kufuma, aliyelala kabla hatujamaliza kula. Nilimsalimu mama kwa Kikamba, nikamwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake, naye akafurahi kama aliyekutana na jirani. Alikuwa anakwenda mbali kuliko sisi. Huko Ghuba angebadilisha ndege, asafiri tena mpaka nchi ya baridi, kwa binti yake aliyejifungua kwa kupasuliwa na hakuwa na mtu wa kumshikia mtoto.

Baada ya chakula wahudumu walishusha vifuniko vya madirisha, mchana ukawa kama jioni, na watu wakalala. Niliona mama hajagusa maji yake. Niliona pia anasugua mguu wa kushoto polepole, kama mtu anayefuta meza. Nikamuuliza.

"Niko na mguu mbaya, mwanangu. Mwaka jana damu iliganda ndani. Daktari alisema kwa ndege niwe nasimama, nitembee, nikunywe maji mingi."

"Na mbona hunywi?"

"Nikikunywa nitataka kutoka." Akanyoosha kidevu kumwonyesha yule bwana, ambaye miguu yake ilikuwa imeziba njia yote. "Nitamruka aje?"

Kwetu hatumruki mtu. Hata mtoto akiruka miguu ya mwenzake aliyekaa chini, huambiwa arudi aruke tena kinyume, auondoe mkosi. Nilijaribu hila hiyohiyo. "Mwaitu, mruke ukienda, kisha umruke ukirudi. Utakuwa umefuta."

Alicheka akiziba mdomo kwa leso. "Na nikifia huko choo kabla nirudi? Nimwachie mtoto wa watu mkosi wa bure?"

"Basi tumwamshe."

"Aiya! Mtu anaamshwa kwa sababu ya kifo ama moto. Wacha alale. Amechoka, huoni anavyokoroma?"

Lakini mkono wake haukuacha kuusugua ule mguu. Nilipoangalia chini, niliona kamba ya kiatu chake imezama kwenye nyama. "Naenda kulea," alisema, safari hii bila kucheka, "siendi kulelewa. Nikifika na huu mguu umefura, huyo msichana atakuwa na wagonjwa wawili." Nikajua amekaa hapo akipima mambo mawili, mguu wake na usingizi wa mtu asiyemjua, na usingizi wa mtu ndio uliokuwa unashinda. Nikanyoosha mkono mbele yake nikamgonga yule bwana begani.

Aliruka. "Kuna nini? Twaanguka?"

"Hatuanguki, mzee. Mama anaomba njia."

"Mimi sikusema kitu!" mama akasema nyuma ya leso.

Yule bwana alikuwa mwenye duka la vitambaa pale Machakos mjini, wazee wake walitoka Pwani, na adabu ya Pwani hawakuiacha huko. Alimtazama mama, akautazama mguu, akauelewa. "Lo! Mama, umekaa hivi toka tulivyoruka? Uniwie radhi." Akainuka na unene wake wote, akampisha. Mama aliporudi alimkuta bwana amekaa kwenye kiti chake cha kati, magoti yamegota kiti cha mbele, kiondo cha muthokoi amekipakata.

"Hapo ni kwangu," mama akasema.

"Mama, nihurumie. Hiyo baridi ya njiani yaniingia begani. Kaa wewe."

Mama akakaa kwenye njia. Nilidhani mambo yamekwisha. Muda si mrefu bwana akamgusa mkono. "Mama, uniwie radhi, nina haja." Mama akainuka, bwana akaenda zake nyuma, na mama, kwa kuwa amekwisha kusimama, akatembea hatua chache akimngoja. Hatukukaa sana, bwana akawa na haja tena. Aliporudi mara ile ya pili alinikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi, akanitazama. Basi na mimi nikapata ugonjwa.

"Na wewe pia?" mama alisema nilipoomba njia. "Mlikunywa nini nyinyi?"

"Chai ya pale uwanjani, mwaitu."

"Hiyo chai ishitakiwe!"

Tulimwinua hivyo kwa zamu mpaka tukakaribia kutua. Hakuna kati yetu aliyelala. Kule nyuma, karibu na vyoo, nilisimama na mhudumu yule mcheshi nikiendelea kuuliza maswali yangu, huku nikimwona mama kwa mbali akinyoosha mguu, anarudi, ananyoosha tena. Katikati ya safari alianza kunywa maji. Tuliposhuka alitembea wima, kiondo mkononi, akatugeukia akasema, "Nitawaombea vibofu vyenu."

Nimefikiri mara nyingi juu ya ule mpango wa viti. Kanisani kwetu benchi halina namba. Ukichelewa, mama wa mwisho husogeza nyonga kidogo, jirani yake naye husogeza, msukumo unasafiri mpaka ukutani na nafasi inapatikana. Ndani ya ndege, ule mkono wa kiti umekata msukumo. Kila mmoja ana chake, hata kama ni kidogo, na kwa kuwa ni chake anaona haya kukivuka cha mwenzake. Anayechora ile mistari ya viti kumi najua ana akili nyingi kuliko mimi. Anajua uzito, mafuta, milango ya dharura. Lakini mtu anayemchora ana mabega na magoti tu. Hana mguu ulioganda damu, wala hakulelewa na mtu aliyemkataza kuruka miguu ya watu. Siku moja nilichungulia kule mbele, nyuma ya pazia, mahali wanapokaa wenye nacho. Nilidhani wananunua upana. Nilipoangalia vizuri niliona kila kiti kimepewa mlango wake wa kutokea njiani. Wamenunua kutomwomba mtu yeyote njia. Sina wivu nao, miguu mibaya na wao wanayo, na mama yule angepewa kiti kama kile ningeshangilia. Lakini sisi wa nyuma, ambao hatuna budi kuombana njia, tusipoombana ndipo tunapoumizana. Heshima si utumwa, walisema wazee. Nadhani walijua pia kwamba heshima iliyokaa kimya yaweza kumvimbisha mtu mguu.

Mama alirudi nyumbani baada ya mjukuu kuanza kutambaa. Mimi nilirudi mkataba ulipokwisha, nikaendelea kuzurura. Tulikutana mara chache Machakos siku zake za kliniki, tukanywa chai dukani kwa yule bwana, katikati ya majora ya vitambaa. Zaidi alinipigia simu. Hakuniuliza niko wapi, alijua ni swali lisilo na jibu la kudumu. Aliuliza, "Kibofu?" Nami nilijibu, "Kiko salama, mwaitu." Akasema, "Mungu ni mwema, kanisani tunawaombea kila Jumapili," na mazungumzo yetu yakaanzia hapo. Mara zote alimalizia kwa kuniambia nifike Mitaboni nione nyumba yake. Nilifika Katelembo, nikafika Kathiani, nikafika mahali ambapo hata wenyeji waliniuliza nimefuata nini. Mitaboni sikuwa nimefika.

Niliingia Mitaboni jua likiwa limeegemea vilima. Nyumba haikuwa na haja ya kuulizwa, watu walikuwa wanaelekea huko na viti vya plastiki vichwani. Uani palikuwa na turubai, sufuria za muthokoi, na wanakwaya wakijaribu sauti. Mwanamke mmoja alitoka jikoni akifuta mikono, akanitazama kwa muda. Uso ulikuwa wa mama yake.

"Wewe ndiye wa kibofu," alisema.

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia ndiye mimi, na kwamba nimepona, shukrani kwa maombi. Akanikalisha kwenye benchi, akanipa sahani, akakaa karibu yangu.

"Alifika kwangu akitembea," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa siwezi kusimama. Alimbeba mtoto usiku na mchana, na huo mguu wake. Sasa siku moja ananiambia, nimesafiri na wagonjwa wawili. Lakini, akasema, sijawahi kuona wagonjwa wako na afya kama wale."

Nikauliza, "Kwa hivyo alijua?"

"Alijua kabla hamjatua. Yule mnene alikuwa anaenda choo anarudi hata hajanawa mikono." Akacheka, machozi yakamtoka. "Nikamuuliza, Mama, mbona hukuwaambia? Akasema, ningewaambia wangeona haya, na wangeacha kuniinua."

Miaka yote hiyo, basi, tulikuwa tunamfichia jambo analolijua, naye anatufichia kwamba analijua, na kila Jumapili anatuombea kanisani mbele ya watu ugonjwa ambao hatuna. Nimetafuta somo la kuwaachia wasomaji wangu na sijapata kubwa kuliko hili. Nafasi yetu duniani itazidi kubanwa, kwenye ndege na nje ya ndege, na wachoraji wa viti hawatatuuliza. Aliyekaa ndani asione haya kuomba njia. Aliyekaa nje asingoje aombwe. Na ukitendewa wema uliofichwa ndani ya uongo mdogo, upokee kama ulivyofungwa, usiufungue mbele ya aliyekuletea.

Giza lilipoingia, kitindamimba wa mama, mtu mzima mwenye ndevu, alikuja kunionyesha mahali pa kulala. Ilikuwa sebule, viti vimetolewa, magodoro yamepangwa ukuta hadi ukuta, wanaume wa ukoo wamekwisha kujinyoosha kila mmoja na blanketi lake. Nilianza kutafuta nafasi kule ndani, pembeni, kama inavyompasa mgeni aliyekuja mwisho. Akanishika mkono. "Hapana, wewe ni hapa. Mama aliacha neno. Alisema nyinyi wawili mkija mlale karibu na mlango."

Karibu na mlango palikuwa na magodoro mawili. Kwenye moja alikuwa amekaa yule bwana wa vitambaa, kofia yake ya kufuma magotini, macho mekundu. Alisogea, nikavua viatu, nikajilaza. Miguu ya wenzetu ilikuwa imejaa sakafu yote. Taa ilipozimwa nilimsikia akigeuka kwa uzito wake, akaninong'oneza, "Ukitaka kutoka, niamshe."