Mie na Wifi Kwenye Kilima cha Ngome

Binti yangu ni muuguzi Uingereza, na mwaka juzi aliniita nikamtembelee. Nilimwambia siwezi kusafiri peke yangu. Nilitegemea aseme basi tuache, maana kwa kweli ndege nilikuwa naiogopa. Baada ya siku mbili akanipigia kuniambia ameshapata wa kunisindikiza: shangazi yake.

Shangazi yake ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini mie na wifi hatukuwa marafiki. Hatukuwahi kugombana. Tulikutana misibani na harusini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za Wazo ninakoishi na vumbi la kiwanda cha saruji, nikamuuliza habari za Tandale, ambako anauza viazi sokoni tangu kabla sijaolewa. Hapo maongezi yakawa yamekwisha. Yeye ni Mzaramo, mzaliwa wa huku huku Pwani, mwepesi wa maneno. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi niliyetokea Singida, na ukweni walikuwa wakisema naongea kama nimeshika chaki.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza nyumbani kwa binti yangu tulikaa kama wageni wawili kwenye chumba cha daktari. Yeye aliswali, mie nikasoma Biblia, tukaangalia mvua dirishani. Wiki ya tatu binti yangu alichoka na ule ukimya. Asubuhi moja, akiwa njiani kwenda kazini, alitupakia kwenye basi la kwenda mji wa jirani, mji mdogo wa kale wenye gulio kila Alhamisi na ngome iliyobomoka. Alituonya tusiongee kwa sauti ndani ya basi, tusibishane bei na mtu, na tusibebe mtoto wa mtu bila kuombwa. Jioni angetufuata kituoni kwa gari.

Jua lilikuwa limetoka, jambo ambalo lilitushangaza wote, pamoja na dereva. Mji wenyewe ulinifurahisha kabla hatujashuka. Nyumba zake za mbao nyeusi na chokaa nyeupe zilikuwa zimeinama hivi na hivi, nyingine zimeegemeana kama watu wanaotoka ngomani alfajiri. Wifi alisimama mbele ya moja, akaipima kwa jicho, akasema fundi wa hii angekuwa Tandale angeshakimbia mji. Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchekea kitu alichosema bila kwanza kuwaza nicheke kiasi gani.

Gulio lilikuwa katikati ya mji, kwenye uwanja wa mawe: jibini, maua, mayai, mifagio, mikate ya kila umbo. Wifi alipita kote huko bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kwenye viazi. Maisha yake yote ameuza vitu vinavyoitwa viazi ulaya, na sasa alikuwa amevifuata kwao. Alichukua kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akakinusa, akatikisa kichwa. Mwenye meza, mwanamume mwenye ndevu nyekundu, akauliza kama kuna tatizo.

“Mwambie,” wifi akaniambia, “hivi vimechimbwa mvua ikinyesha. Asiviweke kwenye gunia, vitaanza kuoza ndani.”

Nilitafsiri kwa aibu, huku nikimkumbuka binti yangu. Yule bwana akakiri kwamba alivichimba juzi, na kwamba mvua ilimnyeshea tangu asubuhi hadi akamaliza. Akauliza mama huyu amejuaje. Wifi hakungoja tafsiri. Alimwonyesha viganja vyake, naye akamwonyesha vya kwake, na wakatazamana viganja pale kwa muda, wote wawili wakitabasamu. Tulipoaga alichagua kiazi kikubwa kuliko vyote, cha kujaza mikono miwili, akampa zawadi. Wifi alikitia kwenye mkoba, juu ya pasipoti.

Tukapanda ngomeni. Ngome ile ipo juu ya kilima cha mviringo ambacho watu walikirundika kwa mikono, udongo juu ya udongo, na sasa kimeota nyasi fupi laini kutoka juu mpaka chini. Kilichobaki ni kuta tatu, ngazi inayopanda na kuishia hewani, na dirisha lenye mbingu upande huu na mbingu upande ule. Nilimweleza wifi nilichosoma kwenye kibao: kwamba ilijengwa karibu miaka mia tisa iliyopita, ikapigwa mizinga vitani, kisha wenyeji wakawa wanabeba mawe yake kidogo kidogo kujengea nyumba zao.

“Hata huku,” alisema. “Ukiacha tofali zako nje, jirani anakusaidia kuzibeba.”

Alikaa kwenye ukuta mfupi ukingoni mwa kilima, akafungua mkoba atafute leso, na kiazi kikaanguka. Kilidunda mara moja kwenye jiwe, kikaingia kwenye nyasi, kikaanza kuteremka. Wifi aliinuka akakifuata. Sijui alidhani atakidaka vipi. Ana miaka sitini na mbili, alikuwa amevaa koti la binti yangu juu ya dera, na raba za kuazima zilizomzidi namba. Alipiga hatua tano nzuri, ya sita ikawa ya hewani. Akaanguka kwa ubavu na kuanza kubiringika, koti, dera, ushungi, koti, dera, ushungi, mpaka chini kabisa.

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitawaambia nini ukoo mzima wa mume wangu. Kisha nikasikia sauti kutoka chini, nikadhani analia. Nikatega sikio vizuri. Alikuwa anacheka. Alilala chali kwenye nyasi, mikono ameitandaza, anacheka mpaka tumbo linaruka.

“Njoo,” akaniita alipopata pumzi. “Njoo hivyo hivyo, usipite kwenye ngazi.”

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne. Nimewachapa watoto kwa kubiringika na sare za shule. Nilitazama kushoto na kulia, nikavua miwani, nikaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni, nikalala chini, nikajiachia.

Siwezi kueleza vizuri. Mbingu, nyasi, mbingu, nyasi, na kelele fulani ambayo baadaye niligundua ilikuwa yangu. Nilipofika chini nilimgonga wifi, naye akanishika mkono ili dunia isimame, lakini haikusimama, na jinsi ilivyozidi kuzunguka ndivyo tulivyozidi kucheka. Nilijaribu kukaa, nikaangukia upande wa pili. Mbavu ziliniuma, machozi yalinitoka.

“Mumeo utotoni alikuwa hivi hivi,” wifi alisema tulipotulia kidogo. “Kwenye marundo ya mchanga. Siku moja alipoteza kaptura humo ndani, nikamrudisha nyumbani nimemfunga khanga yangu. Alinililia nisimwambie mtu.”

Niliishi na yule mwanamume miaka ishirini na minne, mpole, mwenye kupiga pasi hata soksi, na sikuwahi kuijua habari hii. Nilimwomba anisimulie tena. Akasimulia tena, mara hii na rangi ya khanga.

Hapo akaja bibi mmoja Mwingereza, mzee kutuzidi sote, na mbwa wake mdogo. Aliuliza kwa wasiwasi kama atuitie gari la wagonjwa. Nilimwambia hapana, tumejiangusha wenyewe. Alikitazama kile kilima kwa muda mrefu. Alisema amezaliwa mji huu, na mara ya mwisho alibiringika hapa akiwa na miaka saba. Nilipomtafsiria wifi, alinyoosha mkono, akachukua kamba ya mbwa. Wifi mbwa hamgusi, kwa hiyo aliishika ile kamba kwa ncha ya ushungi, mkono ameunyoosha mbali, na mbwa naye akamtazama kwa mashaka yale yale.

Mie na yule bibi tukapanda ngazi pole pole, tumeshikana. Tulishuka pamoja, yeye akipiga ukelele mwembamba mmoja usiokatika.

Tulikuwa bado chali alipofika mlinzi wa ngome, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, akaanza kusema kwamba kuna kibao kinachokataza. Bibi alimwita kwa jina lake la kwanza, polepole, bila hata kuinuka. Nikajua papo hapo kwamba huyu ni mwalimu mwenzangu na yule alikuwa mwanafunzi wake. Mlinzi aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Aliomba radhi, akaenda kwenye vichaka ambavyo wifi alimwonyesha kwa kidole, akarudi na kiazi chetu amekishika kwa mikono miwili.

Jioni binti yangu alitukuta kituoni. Tulikuwa tumekubaliana kumwambia tu kwamba mji ni mzuri. Wifi alianza kumsimulia kabla hajafunga mkanda. Binti yangu alikunja uso kiuuguzi, akaniuliza nyonga yangu ikoje, akamuuliza shangazi yake anajua presha yake ni ngapi. Lakini hadithi ilipofika kwenye kaptura ya baba yake, midomo ilimcheza, akapiga breki, akasimamisha gari katikati ya barabara nyembamba, akaweka paji la uso kwenye usukani, akacheka mabega yakitetemeka, na sie tukaanza upya. Magari nyuma yetu yalipiga honi, mwanzoni kwa adabu.