Wakili Aliyeanzia Kwenye Muhuri

Ofisini walimwita Mama Muhuri, na jina lilimkaa. Faili la pingamizi lilipofika mezani kwake, hakuanza kusoma limeandikwa na nani wala linalalamikia nini. Aliligeuza moja kwa moja hadi pale karani wa baraza alipogonga muhuri wa kulipokea, akatazama tarehe, akakunja vidole kuhesabu. Likiwa limepita siku zake, alilifunga na kuandika neno moja juu ya jalada: Limechelewa. Kazi imekwisha. Wenzake wakiumiza vichwa na vipimo vya moshi na maji taka, yeye alikuwa keshafika nyumbani na kuvua viatu.

"Wewe si wakili," mzee waliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi alimtania. "Wewe ni saa ya ukutani."

"Basi usisimame mbele yangu kunitazama, utachelewa," alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Alikuwa na miaka arobaini na ushei. Kazi yake ilikuwa mikataba ya serikali na sheria za mazingira, na ndugu zake walishindwa kuieleza kwa watu. Wakiulizwa, walisema tu yuko kwenye mambo makubwa. Kwa maneno mepesi ni hivi: serikali ikitaka kujengewa kitu, yeye humsaidia mkandarasi kushinda zabuni, kisha humsaidia kupata cheti kinachosema kwamba kitu hicho hakitaumiza watu, maji wala hewa. Wananchi wasiporidhika na cheti, lipo baraza la kupokea pingamizi zao, na upo muda wa kuzipeleka. Muda huo ndio uliokuwa ukimpa mkate wake. Watu wengi hawajui siku zao zinaanza kuhesabiwa lini, na wanapojua, mara nyingi zimekwisha.

Aliyemlea ni shangazi yake, dada wa baba, dobi wa mashuka ya nyumba za wageni. Alikua kati ya kamba za nguo, akisoma vitabu vyake vya shule kwenye kivuli cha mashuka yaliyolowa. Shangazi hakuweka alama kwenye nguo za watu. Alishika pindo la shuka kwa vidole viwili akajua ni la nyumba gani, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpelekea mtu shuka la mwenzake. Mtoto alipokuja kuwa wakili, shangazi alitoa amri moja tu: blauzi nyeupe za kazini asifue mtu mwingine.

"Ukisimama mbele ya wakubwa wakaona kola imekunjamana, watasema umelelewa na nani?"

Basi blauzi zikawa zinakwenda na kurudi. Mwanzoni alizipeleka mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akapiga soga. Baadaye kazi ziliongezeka na akapata kijana wa pikipiki wa kumtuma. Blauzi ziliendelea kurudi kila wiki, mikono imepigwa pasi mstari mmoja ulionyooka, na kwa namna fulani alijiona bado yuko karibu na shangazi yake.

Siku moja, katikati ya kikao na mkandarasi, simu yake ililia. Alikuwa shangazi.

"Kadogo, nina swali la haraka. Mtu akitaka kupinga kitu cha serikali hapa mtaani, anapeleka wapi? Na mwisho ni lini?"

"Shangazi, niko kwenye kikao. Nitakupigia."

Hakupiga. Hakukusudia ubaya wowote. Ilikuwa moja ya zile simu ambazo mtu huziweka kando akijua mwenye nazo hatakasirika.

Mkandarasi aliyekuwa naye kikaoni alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyemwita kila mwanamke mama. Alikuwa amepata mkataba wa kujenga tanuri la kuchomea taka za hospitali zote za mji. Cheti kilikuwa kimeshatoka na tangazo limebandikwa, na baada ya majuma kadhaa pingamizi likaletwa na wakazi wa karibu na eneo lile. Wakili aliligeuza, akatazama muhuri. Siku tatu nje ya muda. Akaandika neno lake juu ya jalada na kuliweka kwenye mkoba. Eneo alilijua kwa namba ya kiwanja tu.

Siku ya baraza alifika mapema, amevaa blauzi iliyotoka kwa shangazi juzi yake. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Alikuwa anapanga karatasi zake aliposikia mlangoni sauti anayoijua tangu utotoni.

"Si niliwaambia? Yule pale! Amekuja mwenyewe!"

Shangazi aliingia na majirani zake, amevaa gauni lake la kutokea, pochi kwapani. Mbele yao alikuwepo fundi seremala, ambaye karakana yake ilipakana na kamba za nguo na ndiye mwenyekiti wa kamati yao.

"Huyu ndiye mwanao?" fundi aliuliza kwa furaha. "Mama dobi, kumbe una silaha umeificha!"

"Hakunipigia, kumbe alikuwa anatushughulikia kimyakimya," shangazi alisema, akampungia mkono wakili na kukaa safu ya mbele.

Wakili alifungua jalada. Ndipo aliposoma, kwa mara ya kwanza, kilichokuwa nyuma ya muhuri. Wanawake wa kamba za nguo walikuwa wakisema kwamba upepo wa mchana hutokea upande ule ule linapojengwa tanuri. Walisema majivu ya hospitali yataangukia mashuka wanayolalia wageni, na vifua vya wanaoyafua. Alitaka kuinuka amfuate shangazi, lakini mwenyekiti wa baraza, jaji mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameshaingia na watu wamesimama.

"Nani anasimama kwa upande wa mkandarasi?"

Alisimama. Nyuma yake viti vikalia. Hakugeuka, lakini alijua bila kuona kwamba mkono wa shangazi uliompungia ulikuwa ukishuka taratibu juu ya pochi.

"Kuna pingamizi la awali?"

Angeweza kuomba shauri liahirishwe. Angeweza kusema anaumwa, na isingekuwa uongo mkubwa. Lakini kinywa kilichosema maneno yale yale miaka nenda rudi hakikumsubiri.

"Lipo, mheshimiwa. Wameleta malalamiko yao siku tatu baada ya muda kwisha. Baraza halina uwezo wa kuyasikiliza."

Alijisikia akiyasema vizuri, bila kukwama. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Hapo hapo, mama," mkandarasi alinong'ona. "Wamekwisha."

Mwenyekiti aliwageukia wakazi. "Sheria inaniruhusu kuongeza muda kama ipo sababu ya msingi. Mlichelewa kwa nini?"

Fundi seremala alisimama. "Mheshimiwa, sisi hatukujua siku. Tulikuwa tunamsubiri huyu—"

Shangazi alimvuta shati akakaa kabla hajamaliza. Akasimama yeye.

"Ni mimi, mzee. Walinituma mimi kuuliza, nikasahau. Mambo ya uzee."

"Ulisahau?"

"Nilisahau kabisa. Kichwa changu siku hizi ni chujio."

Watu wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mama, kusahau si sababu ya msingi."

"Najua, baba. Nimewaponza wenzangu." Akakaa na kutazama sakafu, na majirani zake wakamtazama yeye. Mwanamke mmoja alisogeza kiti chake kidogo, kama mtu anayekwepa maji yaliyomwagika.

Wakili naye alikaa. Alikaa, na hilo hakulisahau baadaye: kwamba kwanza alikaa. Alitazama mkono wa blauzi yake, ule mstari wa pasi uliotoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono bila kupinda. Mwanamke asiyewahi kusahau shuka la mtu alikuwa amejiita msahaulifu mbele ya mtaa mzima ili yeye asiaibike. Na mwenyekiti alikuwa ameshainama kuandika.

Kalamu aliyoishika ilimvujia kwenye mkono wa blauzi bila yeye kujua. Akasimama tena.

"Mheshimiwa, naomba kusema jambo kabla hujaandika."

"Umeshasema, wakili. Na hoja yako imeeleweka."

"Hakusahau. Aliuliza ndani ya muda, akamuuliza mtu anayejua. Mtu huyo alimwambia atampigia, hakumpigia." Akageuka kuwatazama wakazi. "Mtu huyo ni mimi. Huyu ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Mkandarasi alimvuta mkoba. "Mama, mama, kuna nini tena?"

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Unatoa ushahidi?"

"Ndiyo."

"Unajua wakili hawi shahidi kwenye shauri analolisimamia."

"Najua. Najitoa."

Alitegemea kujisikia mwepesi. Hakujisikia. Mwenyekiti aliahirisha shauri, akampa mkandarasi nafasi ya kutafuta wakili mwingine, na akasema muda wa wakazi utaongezwa na malalamiko yao yatasikilizwa. Alisema yatasikilizwa, hakusema yatashinda. Watu walipokuwa wakitoka, fundi seremala alipita karibu na meza yake bila kumtazama.

"Kumbe ndiye tuliyekuwa tunamsubiri," alimwambia mwenzake.

Wakili alimkuta shangazi uani, kwenye kivuli cha ukuta, akitafuta kitu kwenye pochi ambacho hakikuwemo.

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe lipi? La simu au la kusimama upande ule?"

"Yote. La upande sikujua. Sikusoma majina."

"Hukusoma." Shangazi alifunga pochi. "Majina tuliandika makubwa, kwa sababu ya macho ya fundi. La simu lilikuwa langu na wewe, tungelimalizia chumbani. Nilikuwa nimekufunika, we mtoto. Mbona umejifunua?"

"Wangekuona mzembe."

"Na wewe wamekuona nini?"

Shangazi alimshika mkono, na kwa kitambo kidogo alidhani anafarijiwa. Ilikuwa ni kugeuza ile sehemu ya blauzi iliyoingia wino.

"Hii iwahiwe. Ikikauka haitoki."

"Nitamtuma kijana wa pikipiki," alisema, na neno lilipotoka alitamani kulirudisha. "Hapana. Nitaileta mwenyewe."

"Lini?"

Aliwahi kuwauliza watu wengi swali hilo, akiwa amesimama na jalada mkononi. Hakuwahi kujua lina uzito kiasi gani kwa anayeulizwa.

"Leo. Sasa hivi nikitoka hapa."

"Haya. Sisi watu wa kuchelewa tupo tu."

Alipofika, alilikumbuka lile geti la mabati, lakini mlango wa chumba cha shangazi ulikuwa umepakwa rangi nyingine na hakujua tangu lini. Wanawake waliokuwa wakianika walimwona, wakaendelea kuanika. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Shangazi, vibanio mdomoni, alimpa khanga ya kujifunga, akampokea blauzi na kuitumbukiza kwenye beseni, kisha akamwonyesha kwa kidevu kapu la mashuka mabichi. Akaanza kuanika. Alikuwa ameshasahau namna ya kulikung'uta shuka kabla ya kulitandaza, na mwanamke wa kamba ya pili alimwangalia akilikosea bila kumsaidia.

Simu yake ikalia. Mkandarasi. Alitazama lile jina, na maneno yakaja yenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi: nitakupigia. Shangazi alikuwa amesimama upande wa pili wa shuka.

"Nipo," wakili alisema. "Sema, nakusikia."

Mkandarasi alisema. Alisema kwa sauti kubwa, kila neno likitoka kwenye simu na kusambaa hadi kamba ya mwisho, na wanawake wakasikia yote aliyoitwa. Hakuondoka kwenda pembeni. Alisimama pale pale, simu sikioni, mkono mmoja umeshikilia pindo la shuka la nyumba ya wageni asiyoijua, mpaka mtu yule alipomaliza.