Matoazi ya Nundu Kubwa

Matoazi ya mguu ya mpiga dramu wa hoteli, yale mawili yanayofumbana ukikanyaga pedali, yalikuwa yamepasuka. Dukani muuzaji alimwekea jozi mbili: moja ina nundu kubwa iliyoinuka katikati, nyingine nundu ndogo, karibu bapa.

"Shemeji, beba hiyo bapa twende," alisema kiongozi wa bendi, kaka wa mkewe. "Wateja wanakula. Wanataka kusikiana."

Kwa miaka kumi na minane mpiga dramu alikuwa akipiga kwa sauti ya chini ili watu wasikiane. Safari hii aliketi mbele ya nundu kubwa, akapiga. Ukatoka mlio mkavu, chis, chis.

"Achia mguu, kaka," muuzaji akamwambia. "Umeyabana mno. Yaache yaimbe."

Kichwa kilikubali, lakini mguu wa kushoto uling'ang'ania pedali kama umepigiliwa misumari. Akalishika goti kwa mikono miwili, akalinyanyua. Muuzaji akagonga toazi mara moja tu, na mlio ukajaa duka zima. Mwili ukamsisimka. Alipoliachia goti, mguu ulishuka wenyewe, ukauzima mlio.

"Mguu huo ni wangu," shemeji yake akacheka. "Nimeufuga mwenyewe!"

Mpiga dramu hakucheka. Alijaribu mara tatu zaidi, na kila mara mguu ukabana. Kisha akayafuta matoazi ya nundu kubwa alama za vidole, taratibu, akamwomba muuzaji amfungie yale bapa.