Suzana Ajifunza Kukaa na Pumzi

Kwa miaka kumi na saba Suzana alisimamia mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo Nyakato. Mwaka 1994, kiwanda kikiandaliwa kuuzwa, msimamizi wa wafanyakazi, Chenge, alisimama mbele yao akasoma majina ya waliopunguzwa. La Suzana lilikuwa la nne. Alirudi kwake Buswelu, lakini mlio wa mashine ulibaki ukimvuma masikioni, na pamoja nao hasira juu ya Chenge.

Baadaye alipata kazi ya kupika kwa Bwana Perera, fundi wa mitambo ya barafu kutoka Sri Lanka, aliyeletwa na kiwanda cha minofu ya sangara. Kila asubuhi alimkuta ameketi mkekani, macho kayafumba, mbele yake sanamu ndogo ya Buddha.

Wiki ya tatu akashindwa kujizuia. "Bosi, unaomba nini pale?"

"Siombi," alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Naangalia pumzi. Ikiingia, najua. Ikitoka, najua. Mawazo yakinichukua, narudi."

"Na mtu mwenye kelele masikioni?"

"Aisikie tu. Asiifukuze."

Suzana akajaribu jikoni, maharage yakichemka. Siku za kwanza alilia tu, bila kujua sababu. Kisha akazoea, akawa anakaa na pumzi hata nyumbani.

Paskazia, jirani yake wa jumuiya ya kanisani, akaja na wasiwasi. "Dada, tunasikia umehama dini."

"Rozari yangu ile pale ukutani. Hebu kaa nami kidogo."

Paskazia alikaa, akasinzia, akakoroma. Walicheka mpaka machozi, na maneno ya kuhama dini yakaishia hapo.

Mwaka 1996 mtu alipiga hodi nyumbani kwake akiuza mitumba. Alikuwa Chenge. Maneno ya miaka miwili yakamjaa Suzana kinywani. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena.

"Ulisoma jina langu kama unasoma orodha ya mizigo," alisema taratibu. "Iliniuma sana."

Chenge akashusha furushi la mashati. "Najua. Orodha ya pili ilikuwa na langu, dada. Nililisoma mwenyewe."

Suzana akamsogezea kigoda, akabandika chai. Walikaa mpaka jua likawa kali, wakiulizana habari za wenzao wa kiwandani: nani amefariki, nani amekwenda Geita kutafuta dhahabu.